Watasema, Mbwa wa Kuazima

Hapo zamani, na wala si ile zamani ya wanyama kusema, ni zamani ya juzijuzi tu, redio zimeshafika vijijini ila mpaka uipandishe darini ndipo inong'one, palikuwa na kijiji mlimani kikiitwa Msindoni. Kaeni vizuri. Wewe unayechambua maharage, endelea tu, masikio hayana kazi nyingine.

Watu wa Msindoni waliishi kwa maji ya ndiva. Ndiva ni bwawa la udongo walilolijenga mababu juu ya mashamba. Maji ya kijito huingia humo yakajaa, asubuhi mlango unazibuliwa, na kila nyumba ina zamu yake ya kumwagilia. Mtu wa Msindoni unaweza kumtukana mkapatana, lakini ukila zamu yake ya maji, hata msibani hamtakaa mkeka mmoja.

Katika kitongoji cha juu kabisa alikaa mjane mmoja, Nakijwa, mfinyanzi wa vyungu. Shamba hakuwa nalo, kwa hiyo zamu ya maji hakuwa nayo, na ugomvi wa maji ulimpita pembeni. Alikuwa na mjukuu wake mdogo, Nanzia, aliyeachiwa na binti yake aliyefariki. Nanzia ndiye aliyekuwa moyo wake wote. Tena alikuwa na mbwa jike, jina lake Watasema. Nakijwa alimpa jina hilo mwaka alipokataa kurithiwa na shemeji yake, watu wakamsengenya mpaka midomo ikakauka. Basi kila jioni akawa anasimama uani na kuita kwa sauti, "Watasema! Watasema!" Mbwa akaja kula, na majirani wakapata ujumbe wao.

Ila mbwa mwenyewe sasa! Mpole kupita kiasi. Alilala kwenye majivu ya tanuri la vyungu kutwa nzima. Mgeni akija, Watasema hufungua jicho moja, akaona ni mtu, akalifumba. Kubweka alibweka kwa msimu, kama mvua.

Siku moja akapanda mlimani bwana mifugo, Lutengano, mtu wa mbali, kusini huko, mwembamba, msemaji sana, na sanduku la barafu begani. Akasimama mbele ya watu akasema, "Ndugu zangu, kichaa cha mbwa hakina dawa. Kikishapanda kichwani, awe mbwa, awe mtu, kinachobaki ni jembe na sanda. Lakini kinga ipo, nimeibeba humu. Leteni mbwa wote. Leteni na paka."

Waliposikia paka, wakacheka. Nani anamfunga paka kamba?

Hata mbwa, watu walisitasita. Maana Msindoni walikuwa na imani yao: mbwa akichomwa sindano anapooza. Ukali unamtoka, pua inaziba, sauti inakwisha. Walisadiki hivyo kama wanavyosadiki kwamba jua huchomoza. Mwenyekiti wa kitongoji, Mzee Mgonja, alipoona watu wanatazamana, akatoa amri iliyowakata maini. "Nyumba yenye mbwa isiyomleta kuchanjwa, isahau zamu ya maji mpaka vuli."

Lo! Kwa hiyo ikapangwa kwamba Lutengano atakaa kwenye ukingo wa ndiva, atachanja ukoo kwa ukoo, kila ukoo na siku yake, na kila mbwa aliyechanjwa atapakwa rangi ya buluu kwenye paji la uso.

Nakijwa aliyasikia yote akarudi kwenye udongo wake. Amri ya maji haikumhusu. Tena marehemu mumewe alikuwa akimwambia, "Mbwa wa sindano ni sawa na chungu kilichopasuka." Akamtazama Watasema kwenye majivu, akajisemea, "Huyu kubweka kwenyewe ni mara moja kwa msimu. Sindano ikimchukulia na hiyo moja, nitabaki na nini?" Hakumpeleka.

Sasa sikilizeni vizuri.

Asubuhi ya kwanza, hodi! Mzee Mgonja huyo, shemeji wa heshima tu, si yule wa kurithi. "Shemeji, nina shida. Kuna fungo anamaliza kuku wangu. Niazime Watasema ashinde kwangu leo."

Nakijwa akaangua kicheko. "Shemeji, Watasema akimwona fungo si atamkaribisha ndani?"

"Wewe niazime tu, shemeji," akasema Mgonja, na akatua mkungu wa ndizi mlangoni. Nakijwa akatazama ndizi, akatazama mbwa, akatoa kamba. Jioni Watasema akarudishwa, paji la uso limelowa, ananuka limau. Nakijwa akashangaa: fungo na limau wapi na wapi?

Asubuhi nyingine, hodi! Mama Ndekirwa, jirani wa upande wa bondeni, mwenye shamba la mahindi lisilo na mfano. "Mwenzangu, nyani wamenizidi. Niazime Watasema leo."

"Si una Askari wako? Mbwa mzima anararua nyani, unamtaka Watasema wa nini?"

"Amsaidie," akasema Mama Ndekirwa, na macho yake yakatazama chini. Alikuja na mzigo wa kuni kavu kwa ajili ya tanuri. Nakijwa akatoa kamba. Jioni mbwa akarudi, paji limelowa, ananuka limau.

Asubuhi iliyofuata, hodi! Kangero, kijana mwindaji, aliyemwita Nakijwa shangazi. "Shikamoo, shangazi. Naingia porini. Radi wangu siku hizi ana papara, nataka mbwa mtulivu atembee naye. Niazime Watasema."

Alikuja na paja la paa, limefungwa kwa majani ya mgomba. Nakijwa akatoa kamba. Jioni, yale yale. Paji limelowa, limau tupu. Na zile nywele za paji, kwa kusuguliwa kwa majivu na limau, zikaanza kupauka, pakatokea baka jeupe. Watasema mwenyewe akawa amenuna. Akala kidogo, akalala akiwa amempa Nakijwa mgongo.

Nakijwa akashika kichwa. Mbwa asiyefaa kitu, mbona anagombewa hivi?

Nyie mmeshajua. Naona mnacheka. Lakini yeye hakujua, na mtu asiyejua msimcheke, kwa maana ninyi mmejua kwa sababu ninawaambia mimi.

Mzee Mgonja alikuwa na mbwa wake, Simba, mkali hata mwenyewe alimwogopa. Alimrushia chakula kwa mbali. Angemfikishaje kwenye ndiva, mbele za watu aliowaamuru? Mama Ndekirwa alikuwa na Askari, na aliogopa akipoozwa na sindano nyani watavuna mahindi kabla yake. Kangero alikuwa na Radi, na pua ya Radi ndiyo iliyokuwa kitoweo chake. Basi kila mmoja, kwa siri yake na bila kumjua mwenzake, akaona njia ni moja tu: mbwa mpole wa Nakijwa.

Kule kwenye ndiva, Lutengano akauliza, "Mbwa wa nani?"

"Wangu," akajibu Mgonja.

"Jina?"

"Simba."

Simba akapiga miayo, akalala chini, akachomwa huku amefumba macho.

Siku ya pili, "Mbwa wa nani?" "Wangu," akajibu Mama Ndekirwa. "Jina?" "Askari." Askari akapiga miayo, akalala chini. Lutengano akamtazama kidogo.

Siku ya tatu, "Mbwa wa nani?" "Wangu," akajibu Kangero. "Jina?" "Radi." Radi akapiga miayo. Lutengano akaanza kucheka, akageuza kicheko kuwa kikohozi, akachoma sindano. Akanyamaza. Alikuwa amefikia nyumbani kwa Mwenyekiti, na ndizi za Mwenyekiti zilikuwa bado ziko tumboni.

Chanjo ikaisha, rangi ikafutika, bwana mifugo akateremka mlima. Maji yakaendelea kugawanywa. Kila mtu akapata zamu yake, na kila mtu akalala usingizi.

Nguo ya kuazima haisitiri maungo, wamesema wahenga. Nao hawakuwa wanasema juu ya nguo peke yake.

Mahindi yalipokuwa yanatoa mbelewele, Radi alipigana na bweha huko porini. Bweha yule alitoka mchana kweupe, anayumba, haogopi mtu. Radi akarudi na kidonda midomoni. Kangero akakipaka majivu, kikapona. Wiki zikapita. Kisha Radi akaanza kukataa maji, akawa anang'ata mti, na asubuhi moja Kangero akakuta kamba imekatwa.

Asubuhi hiyo hiyo Nakijwa alikuwa ameshika sufuria ya makande, anamwita Nanzia aje kula. Nanzia alikuwa amekaa katikati ya uwanja, anafinyanga kichungu chake cha mchezo. Nakijwa akainua macho akamwona Radi kwenye njia. Hakuja mbio. Alikuja kwa kusota, mkia umebana, shingo imepinda, mate yananing'inia mpaka chini, na macho yale yalitazama lakini hayakuona.

Nakijwa alitaka kupiga kelele. Sauti ikakataa. Alitaka kukimbia. Miguu ikakataa. Alisimama na sufuria yake kama amepandwa pale, akamwona Radi akiruka kumwendea mtoto. Uchungu wa dakika ile hakuusahau hata alipozeeka.

Na Watasema akainuka kutoka majivuni.

Hakubweka. Aliruka akamkamata Radi shingoni, wakabingirika, majivu yakatimka, sikio la Watasema likachanika. Kangero akatokea akihema, panga mkononi. Alikuwa anamtafuta mbwa wake tangu alfajiri. Alisimama kitambo kidogo tu. Alimlea Radi tangu akiwa kitoto, walikula sahani moja. Kisha akakata. Radi akatulia, na Kangero akakaa chini palepale akalia kwa sauti, mwanamume mzima, wala hakuficha uso.

Nanzia hakuguswa hata na jino. Nakijwa akamkagua kidole kwa kidole, akamnawisha kwa sabuni, akamkagua tena.

Kabla ya kufika pale, Radi alikuwa amepita kwingine. Alimng'ata Askari shambani kwa Mama Ndekirwa. Alimng'ata Simba akiwa amefungwa kwenye nguzo yake. Aliwararua na mbwa wa majirani wa chini.

Lutengano akaitwa, akapanda mlima akikimbia. Akaagiza Nanzia apelekwe zahanati akatazamwe, hata kama hana alama. Mbwa wote walioumwa wakaletwa kwenye ndiva wamefungwa kamba, na watu wote wakafika. Akasema, na safari hii hakusema mengi, "Mbwa aliyeng'atwa na alikuwa amechanjwa, nitamchanja tena, atafungwa tumwangalie. Ana nafuu. Mbwa aliyeng'atwa na hakuchanjwa, auawe leo. Sina maneno mengine."

Akaanza kwa Nakijwa. "Mama, mbwa wako alichanjwa?"

Nakijwa alikuwa amemkumbatia Watasema, damu ya sikio imemwingia kwenye kanga. Angeweza kudanganya. Lakini alifikiri juu ya Nanzia anayelala karibu na mbwa huyo kila siku. Akasema, "Hakuchanjwa, baba."

Lutengano akamtazama. "Una hakika, mama?"

"Nina hakika. Sikumpeleka."

"Mama, una hakika kabisa?"

Nakijwa akachanganyikiwa. Mbona anaulizwa kama mtu anayesema uongo, na ukweli wenyewe unamchana moyo? Lutengano akafungua kinywa, akamtazama Mwenyekiti, akakifunga. Mtu mmoja akaja na rungu. Nakijwa akaanza kulia, akamfunika Watasema macho kwa kanga.

"Acheni!"

Alikuwa Mama Ndekirwa. Alisimama katikati ya watu. Zamu yake ya maji ilikuwa kesho yake, na mahindi yake yalikuwa yanaanza kujikunja kwa kiu. "Amechanjwa," akasema. "Nimempeleka mimi. Niliomba nimwazime, nikamwita Askari. Askari wangu hakuchanjwa. Chukueni maji yangu, lakini mbwa huyo msimuue."

Minong'ono ikaanza. Kangero naye akainuka, macho bado mekundu. "Hata mimi. Nilimpeleka nikamwita Radi."

Nakijwa akawatazama. "Mlimpeleka lini? Si ulisema nyani? Na wewe si ulisema porini?" Halafu akakumbuka. Limau. Akaliona lile baka jeupe kwenye paji la mbwa wake, akageuza shingo polepole mpaka kwa Mzee Mgonja.

Mzee Mgonja alikuwa anachunguza kifundo cha fimbo yake.

"Shemeji," akasema Nakijwa, "yule fungo alikamatwa?"

Watu wote wakageuka. Mwenyekiti akakohoa. "Na mimi pia," akasema. "Tena mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza."

Nawaambia, siku hiyo ndiva ilisikia matusi ambayo haikuyasikia tangu ichimbwe. Lutengano akakiri kwamba alimjua mbwa yule tangu mara ya pili, akanyamaza kwa kuona haya mbele ya mwenyeji wake. Wazee wa maji, wale wapangao zamu, wakakata shauri palepale: nyumba zote tatu zikose zamu. Askari akauawa. Simba akauawa. Watasema akachomwa sindano nyingine, akapiga miayo, akalala.

Na Nakijwa, kwa furaha, kwa kiwewe, kwa kucheka na kulia kwa pamoja, akasimama mbele ya umati wote akanyoosha mkono. "Sikilizeni! Watasema akizaa, mtoto atakayetangulia kutoka ni wa yule aliyemwokoa mbwa huyu. Naapa mbele ya maji haya!"

Kiapo cha ndiva hakivunjwi. Wenye kuapa ovyo wanajulikana kwa mashamba yao yaliyokauka.

Watasema alifungwa, akaangaliwa, asubuhi na jioni Nakijwa akimwekea maji na kumtazama kama atayanywa. Aliyanywa. Kichaa hakikumpata. Mbwa wa majirani wa chini, ambao walichanjwa kwa majina yao wenyewe, nao walipona, lakini wote walikuwa madume, kwa hiyo wa kuzaa kitongojini alibaki Watasema peke yake. Nyani nao wakapata habari. Sijui nani aliwaambia kwamba Askari hayupo. Wakashuka mchana, wakala mahindi, wakakaa juu ya kuta za mawe za mashamba kama wenye mji.

Basi Watasema akachukua mimba, kijiji kizima kikasubiri. Siku ya kuzaa ikafika. Akazaa mmoja. Watu wakangoja wa pili. Watasema akajiramba, akalala. Alikuwa amemaliza.

Kitoto chenyewe kilikuwa dume, kina kifua kipana, na kabla hakijafungua macho sawasawa kilianza kubweka. Hakikubweka kama mama yake. Kilibweka kutwa.

Mama Ndekirwa akaja wa kwanza, akakaa kwenye kigoda. Mahindi yake yalikuwa yamekauka kwa kukosa maji, na yaliyobaki yanaliwa na nyani. Alikuwa amekonda. Akasema, "Mwenzangu, rungu lilikuwa limeshainuliwa. Wewe mwenyewe umeshasema hakuchanjwa. Bwana mifugo kanyamaza, Mwenyekiti kanyamaza, Kangero kanyamaza. Nani aliyesema acheni? Wenzangu walikosa maji kama mimi, lakini Mgonja ana migomba, inavumilia, na Kangero anakula porini. Mimi nilijua nikifungua kinywa shamba limekwenda, nikafungua. Mbwa huyu aliokolewa na ulimi wangu. Mtoto ni wangu."

Nakijwa akasema moyoni, kweli kabisa. Ni wake huyu.

Akaja Mzee Mgonja, akaegemeza fimbo ukutani. "Shemeji, najua unanionaje. Nilikuwa mwoga, tena wa mwisho kusema. Lakini tuulizane. Ulimi unazuia kichaa? Wangemwacha hai siku ile, na kama damu yake haina kinga, si angewageuka ninyi humu ndani? Kilichomwokoa ni sindano. Na sindano ya kwanza ilikuwa yangu. Amri ya chanjo niliitoa mimi. Bwana mifugo alilala na kula kwangu. Hao wengine walimchoma mbwa ambaye nimeshamkinga. Ndiyo, nilidanganya. Lakini ningesema kweli siku ile, nani angempeleka Watasema? Wewe ulikataa. Mtoto ni wangu."

Nakijwa akasema moyoni, hata huyu anasema kweli. Ni wake. Akashika kichwa.

Akaja Kangero. Hakukaa. Alisimama mlangoni, ameshika kofia mkononi. "Shikamoo, shangazi. Mimi ndiye niliyeleta balaa. Ningemchanja Radi, asingeugua, na Nanzia asingeona alichokiona. Hilo nalijua, nalala nalo. Lakini siku ile Radi alikuwa amemshinda nguvu Watasema, sikio limekwenda, shingo ndiyo iliyokuwa inafuata. Sindano haizuii meno ya mbwa aliyekukaba, na ulimi wa Mama Ndekirwa ungemkuta maiti. Nilimkata wa kwangu ili wa kwako aishi. Wenzangu walitoa maji, maji hurudi mvua ikinyesha. Mimi nilimtoa Radi. Mtoto ni wangu, shangazi, nami nitampeleka kuchanjwa mwenyewe, kwa jina lake."

Nakijwa akamwonea huruma mpaka machozi yakamtoka. Kisha akakasirika: huyu si ndiye karibu aniulie mjukuu? Kisha akamhurumia tena. Akazunguka nyumba. Akakanda udongo ambao hakuuhitaji, akafinyanga chungu kikatoka kimepinda, akakiponda.

Usisahau kwamba alikuwa na mwiba wake mwenyewe. Nanzia alikwisha kukizoea kitoto cha mbwa, akikibeba mgongoni kwa kanga kama mwana. Usiku na mchana akawa anasema, "Bibi, huyu haendi." Na Nakijwa akajiuliza: aliyeinuka majivuni ni nani kama si mama yake kitoto hiki? Watasema alimwokoa Nanzia, na sisi tunagawa mwanawe kwa wale waliomtumia. Lakini kiapo kimesema aliyemwokoa mbwa, hakikusema aliyeokolewa naye. Na mimi, mwenye mbwa, sikumpeleka kwenye kinga. Nilimkodisha kwa ndizi, kuni na paja la paa, na kwa tamaa yangu hiyo akakingwa. Je, nidai na mimi? Akashika kichwa kwa mikono miwili. Kila aliyesema alisema kweli, na kila mkweli alikuwa mwongo wa jana.

Kitoto kikakua, kikafika umri wa kuchanjwa. Lutengano akapanda tena mlimani na sanduku lake la barafu, akakaa ukingoni mwa ndiva. Mara hii hapakuwa na haja ya amri. Watu walikuja na mbwa wao wenyewe, wanawaita majina yao wenyewe. Walikuja hata na paka, ndani ya vikapu vilivyofungwa vifuniko, na vikapu vinatukana njia nzima.

Nakijwa akafika na kitoto cha mbwa kifuani, Nanzia ameshika pindo la kanga, Watasema anawafuata nyuma na baka lake jeupe. Mama Ndekirwa alikuwa pale. Mzee Mgonja alikuwa pale. Kangero alikuwa pale. Kule juu ya mahindi nyani walikuwa wamekaa ukutani, wanatazama.

Nakijwa akakiweka kitoto mbele ya bwana mifugo. Kilichokuwa kikibweka njia nzima kikanyamaza, kikapiga miayo, kikalala chini kama mama yake. Watu wakacheka kidogo, kisha wakaacha.

Lutengano akavuta dawa kwenye sindano, akashika rangi kwa mkono wa pili. Akauliza kama alivyozoea kuuliza.

"Mbwa wa nani?"

"Wangu," akasema Mama Ndekirwa.

"Wangu," akasema Mzee Mgonja.

"Wangu," akasema Kangero.

Nanzia alivuta tu pindo la kanga ya bibi yake.

Lutengano akatikisa kichwa. "Majina ya kuazima niliyapokea mwaka ule, na mmeona yaliyotokea. Leo sichomi mpaka nipate jina la kweli. Nakuuliza wewe, mama, uliyeapa."

Nakijwa akawatazama mmoja mmoja. Akamtazama Watasema. Akafungua kinywa.

Na mimi aliyenisimulia aliishia hapo, akanitazama kama ninavyowatazama ninyi sasa. Basi wewe wa maharage, na wewe unayejifanya umelala, na wewe uliyekuwa unacheka tangu mwanzo: sanduku liko wazi, barafu inayeyuka, sindano iko mkononi mwa mtu. Mngekuwa Nakijwa, mngejibu nini? Mbwa wa nani?